Pigo la Kwao Kamongo

Juzi nilirudi kutoka kazini miguu imevimba, nikajitupa kwenye kochi bila hata kuvua viatu. Kazi yangu ni ukalimani. Nasimama mahakamani kutwa nzima kati ya wazee wanaosema Kisukuma na watu wanaotaka Kiswahili, na ikifika jioni sina neno langu mwenyewe lililobaki. Nimefumba macho hivyo, binti yangu akaja na simu, anacheza gemu, akanisogezea mpaka puani. "Mama, huyu kafikia kujifunza pigo jipya, lakini yanatakiwa yabaki manne. Nifute lipi?" Nikamjibu kwa ukali ambao hata mimi sikuutegemea: usifute lolote, iweke hiyo simu, niondokee hapa. Mtoto wa watu akabaki kaduwaa. Baadaye nilimwita nikamwomba radhi, tukala, yakaisha. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukaa na kuwaza, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kunisikiliza, acha nikusimulie. Sina nguvu za kuipamba, utaipokea ilivyo.

Tulikaa kwa bibi, Kisesa, mimi na kaka yangu. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki mjini, kwa hiyo alikuja Jumapili tu, na ndoo ya mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki wakishaondoa minofu. Bibi aliyakaanga uani, na harufu yake ilikaa kwenye sare zetu za shule mpaka katikati ya wiki. Siku nyingine ilikuwa ugali wa muhogo kwa dagaa, au kwa mlenda, na asubuhi chai na michembe ya kuchemsha. Ukikulia huku unaijua michembe: viazi vitamu vinakatwa vipande, vinaanikwa juani mpaka vikauke kau. Bibi aliianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, jiwe pana kuliko chumba tulicholala, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasiipande. Jamani niliichukia kazi ile! Leo mtu akiniambia nikae juu ya jiwe nifukuze kuku mpaka jua lizame, nitamshukuru huku nalia.

Kaka alinizidi miaka mitatu. Mimi nilikuwa na tisa, yeye kumi na miwili, lakini kwa mwili ungesema tuko sawa. Alikuwa na selimundu. Macho yake yalikuwa na umanjano usioisha, na maumivu ya mifupa yalimshika bila kupiga hodi. Asubuhi anacheka, mchana kajikunja kitandani anauma shuka. Mpira hachezi, maji ya baridi haogi, shambani haendi. Shuleni walimwita Mgonjwa. Hawakumwita kwa ubaya, walimwita tu, kama walivyomwita mwingine Mrefu na mwingine Kipara. Lakini siku moja tukiwa wawili aliniambia kwamba hakuna kitu anachokitaka kama kuitwa jina jingine kabla hajamaliza darasa la saba.

Basi mjomba wetu, dereva wa lori, alirudi safari za mpakani akamletea kimashine cha gemu, kile cha kushika mkononi, kimechubuka kona zote, kina kaseti moja ndani. Gemu lenyewe unalijua, na kama hulijui watoto wako wanalijua: unazunguka porini unakamata vinyama vya ajabu, unavilea, unavipiganisha. Yetu ilikuwa kaseti ya kunakili, na Kiingereza chake kiliandikwa na mtu ambaye Kiingereza kilimpiga chenga kama kilivyotupiga sisi. Majina ya vile vinyama yalitushinda, tukavipa ya kwetu. Dume mwenye pembe akawa Ngosha. Ndege mwenye kucha akawa Mwewe. Na yule wa kwanza kabisa kumpata, mrefu, mtelezi, mapezi membamba kama kamba na sura ya mtu aliyechoka, akawa Kamongo. Sisi watu wa karibu na ziwa tungemwita nani mwingine?

Kila kinyama hubeba mapigo manne, la tano halina nafasi. Mengi ni ya kila mtu: kuuma, kusukuma, kurusha maji. Ila baadhi yao walikuwa na pigo moja ambalo hakuna mwingine anayeweza kujifunza, hata umlee vipi. Kaka aliliita pigo la kwao, kana kwamba kila kinyama kimetoka kwenye ukoo fulani na kimeondoka nyumbani na kitu kimoja tu. Ngosha alikita kwato chini mara tatu na ardhi ikapasuka. Hilo tuliliita Bugobogobo, kwa sababu ndivyo wanavyokita chini wale wacheza ngoma ya majembe. Mwewe alikuwa na Shuka-Nyakua. Kaka akilitumia, mimi napiga mluzi wa mwewe wa kweli, na bibi uani anaruka kuhesabu vifaranga vyake huku anatutukana. Na Kamongo, pigo la kwao lilikuwa hivi: anajichimbia kwenye tope mpaka anapotea kabisa, adui anabaki kupiga hewa, kisha anaibuka mzima, majeraha yote yamekwisha. Kama kamongo wa ziwani, ambaye kiangazi kikikausha dimbwi anajifukia humo humo ardhini akangoja mvua. Pigo hilo kaka aliliita Kujizika.

Hapo tukagombana na bibi. Alikuwa anachambua mchele mlangoni akasikia nashangilia, "Anajizika! Anajizika!" Ungo ukasimama hewani.

"Nani anajizika?"

"Kamongo, bibi. Wa kwenye gemu."

"Temeni mate chini! Wote wawili, temeni! Nyumba ina mtoto mgonjwa, nanyi mnacheza kuzikana?"

"Lakini anaibuka, bibi," kaka akamwambia.

"Hata akiibuka! Shindwa! Tafuteni neno lingine."

Tukatema mate. Mbele yake tukawa tunasema Kulala Tope, na bibi akaridhika. Yeye mwenyewe kamongo hali, anasema anafanana na nyoka, lakini kidogo kidogo akaanza kumuulizia. "Nyoka wenu kaamka leo?" Kaka anamwonyesha kioo, bibi anakitazama kwa mbali, anafyonza, anarudi jikoni. Nje ya masikio yake neno letu liliendelea. Kila kaka alipopelekwa hospitali kuongezewa damu alininong'oneza pale mlangoni, "Naenda kujizika kidogo. Wiki moja tu, nitaibuka." Na kweli, wiki ikiisha namwona anashuka kwenye gari na mama, shingo nyembamba, anacheka.

Shida ilikuwa betri. Kile kimashine kilikula betri ndogo mbili mpaka ukachoka, na za kubadilisha hatukuwa nazo, kwa hiyo tulizianika juani kama wote walivyofanya na betri za redio. Zikipata joto zinarudi kidogo, unapata robo saa, wakati mwingine nusu. Tulizificha katikati ya michembe. Siku moja bibi akazichota pamoja na viazi, akazimwaga kwenye sufuria, zikagonga. "Betili! Nani kaanika betili kwenye chakula changu?" Tulikimbia mpaka barabarani. Kaka hakutakiwa kukimbia, na yeye ndiye aliyecheka zaidi, kashika magoti anatafuta pumzi. Namkumbuka hivyo kuliko nilivyomzoea kitandani.

Mtu mwingine mmoja tu Kisesa nzima ndiye aliyekuwa na kimashine kama kile: binti wa fundi redio. Baba yake alikuwa na kibanda kando ya barabara ya Musoma, na yeye alisoma darasa moja na kaka. Alikuwa na mdomo, yule! Mwewe wake alikuwa hajawahi kushindwa, na hilo alilitangaza hadi msalani. Baba yake akapata waya wa kuunganisha mashine mbili, ikapangwa kwamba siku ya kufunga shule, kwenye baraza la darasa la sita, Mwewe wake na Kamongo wa kaka watakutana mbele ya watu wote. Kaka alikuwa ameshapiga hesabu zake. Shuka-Nyakua haina dawa, inamkuta kila mtu, isipokuwa aliye chini ya tope. Kwa hiyo duniani kote, kwa maana ya Kisesa na Igoma, aliyeweza kumwangusha Mwewe yule ni Kamongo peke yake, na kwa pigo la kwao peke yake. "Wakishaona siku hiyo," akaniambia, "sitaitwa tena Mgonjwa. Wewe ngoja."

Wiki chache kabla ya siku hiyo maumivu yakarudi, na safari hii yalikuja na homa. Mama aliomba ruhusa kazini, wakampeleka hospitali kubwa ya mjini. Kimashine hakikuweza kwenda, wodini vitu vinapotea. Akaniachia mimi, na karatasi aliyoichana kwenye daftari la hesabu. Ninaweza kukusomea mpaka leo bila kuiona. Betri usizimalize. Usipigane na wakubwa. Ukimaliza hifadhi. Kamongo akifikia kujifunza pigo jipya mashine itakuuliza maswali, wewe kataa. Chini ya neno kataa alipiga mistari miwili.

Sasa, mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na hilo ndilo lililoniponza. Nilitaka kaka akirudi akute Kamongo kapanda, kawa mkubwa zaidi ya alivyomwacha. Nikampiganisha mchana ule juu ya jiwe, kuku wanakula michembe na mimi sina habari. Akashinda, akashinda, mara mashine ikaimba, ikaandika kwamba anataka kujifunza pigo jipya ila nafasi zimejaa. Nikapeleka mshale juu ya Kujizika. Nilitaka kuliona tu, nilipenda lilivyoandikwa. Ndipo swali likaja. Nikalisoma kwa kidole, neno kwa neno, nikalitafsiri kwa sauti kama mwalimu alivyotufundisha: Hutaki asahau pigo hili?

Ehe, sitaki. Kaka kasema nikatae, nami nakataa. Nikajibu kama anavyojibu mtoto yeyote wa kwetu. Bibi akikuuliza, hujala? nawe hujala, unasema ndiyo. Mwalimu akiuliza, hamjaelewa? darasa zima, ndiyo mwalimu. Hutaki asahau? Ndiyo. Nikabonyeza ndiyo.

Kwa yule aliyetengeneza kile kitu, ndiyo ni ndiyo: nataka asahau. Mashine ikaimba kawimbo kafupi kazuri, ikaandika kwamba Kamongo amesahau. Nikasoma mara tatu. Mpaka leo shahidi akiulizwa, "Hukumwona mshtakiwa?" akajibu, "Ndiyo," nanyoosha mkono naomba aulizwe upya, na wapo mawakili wanaonitazama kama ninayewachelewesha chakula cha mchana. Wanitazame tu. Mimi najua neno hilo linaweza kufanya nini.

Na bado palikuwa na mlango. Kama ningezima tu mashine, nikaiwasha, Kamongo angeamka alivyokuwa asubuhi, na pigo lake kichwani. Lakini mimi nimeingiwa na hofu, nikaona kwenye orodha lile neno la Kiingereza la kuhifadhi. Neno hilo hilo nilikuwa nalisikia kanisani kila mchungaji mgeni alipokuja na mkalimani wake, na mkalimani alikuwa akilitafsiri kuokoa. Nikasema, asante Yesu, bado naweza kumwokoa. Nikalibonyeza. Na nilivyokuwa na imani, nikalibonyeza mara mbili.

Nilienda kibandani kwa fundi nimekumbatia kimashine ndani ya sweta. Binti yake alikuwa anafagia nyaya zilizoanguka chini. Alinisikiliza, akakichukua, akakipekua kwa kidole gumba, uso ukambadilika.

"Umehifadhi?"

"Ndiyo."

"Aisee." Akakaa chini. "Halirudi hilo. Ya kawaida yanarudi, pigo la kwao halifundishwi mara mbili."

"Hata kidogo?"

"Umtafute Kamongo mwingine mchanga, umlee tangu mwanzo mpaka afikie. Wewe na betri zipi?"

Nikamwambia nitamlea. Nikamwomba asimwambie kaka, akaniapia kwa kugusa ulimi na kuonyesha kidole juu. Nilimwamini. Alikuwa na mdomo lakini hakuwa mwongo.

Ndivyo nilivyoanza ile kazi. Nikamkamata Kamongo mdogo kwenye dimbwi la kwanza la gemu, kadhaifu, anapigwa hata na viwavi, nikaanza kumpandisha kwa nusu saa za betri za juani. Natoka shule nakimbia, nachota maji ndoo mbili, nafukuza kuku, nageuza michembe, nageuza betri. Bibi alifikiri nimekuwa mtoto mwema. Mimi hesabu yangu ilikuwa moja: Kamongo mpya ajue Kujizika kabla kaka hajatoka wodini, halafu kaka hatajua kamwe kwamba kuna kilichotokea. Nilichoka, ndugu yangu. Nafikiri ndipo nilipoanza kuchoka, nikiwa na miaka tisa, na uchovu wenyewe haujaniacha vizuri mpaka leo.

Jumapili tulikwenda kumwona. Wodi ilinuka dawa ya kufanyia usafi na uji. Bibi alimpaka mafuta miguuni, mama alimbana kwa maswali kuhusu chakula, na wakitoka kwenda kuongea na nesi kaka anaigeuza shingo yake kwangu.

"Kamongo mzima?"

"Mzima."

"Hajasahau pigo la kwao?"

"Ndiyo," namwambia. Hajasahau.

Ananitazama kidogo. Kisha anatabasamu, anafumba macho, ananiambia vizuri, endelea kumtunza. Jumapili ya kwanza ilikuwa hivyo. Ya pili akaniuliza vile vile, maneno yale yale, nami nikamjibu vile vile, na safari hiyo nilitazama chupa ya damu iliyokuwa inadondoka badala ya kumtazama yeye. Ya tatu alikuwa amechoka sana. Midomo ilikuwa imekauka, sauti ilitoka kwa shida. Nilidhani hataniuliza. Akaniita nisogee, nikasogeza sikio. "Hajasahau?" Nikasema ndiyo, kaka, bado siku chache utamwona mwenyewe. Akanishika kidole changu kimoja, akakaa nacho mpaka mama aliporudi.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Mwalimu mkuu alikuja darasani akasimama mlangoni, akaniita kwa jina langu kamili, nikajua. Tulimzika Kisesa, upande wa mihogo. Watu walikuja wengi, darasa lake lote lilikuja na sare, na mwanafunzi aliyesoma risala ya shule alimtaja kwa jina lake la ubatizo, nikasikia watoto wengine wakinong'onezana kwamba kumbe ndilo jina lake. Nilitamani angalisikia hilo. Bibi hakulia mbele za watu. Nilimwona tu wakati wa kufukia, kasimama na kanga mdomoni, na wanaume waliposema tuzike, tuzike, jua linaenda, yeye aliyekuwa akilifukuza neno hilo nyumbani alitema mate chini, polepole, kisha akakaa kwenye mkeka.

Kamongo yule mpya niliendelea kumlea. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeshazoea kuanika betri. Ilikuwa Jumanne, baada ya shule, niko jikoni na bibi anapepeta, mashine ikaimba, ikauliza kama nataka ajifunze Kujizika. Nafasi ilikuwepo, haikuuliza lingine. Akajifunza. Nikampeleka kwenye pambano moja dogo nimwone. Akaingia kwenye tope, akapotea, nikasubiri, akaibuka mzima, na yule mdudu aliyepigana naye akakimbia. Bibi akauliza, bila kugeuka, nyoka kaamka? Nikamwambia kaamka. Nikazima, nikaitoa kaseti, na sikuwahi kucheza tena.

Miaka ikaenda. Siku ya pambano ilikuja na kupita shule ilipofungwa, hakuna aliyelitaja. Fundi alihamisha kibanda chake Igoma kulikochangamka. Bibi naye akatangulia. Lile jiwe la michembe waliokuja kujenga walilipasua kokoto, sasa pana ukuta wa matofali na geti jeusi, na ukipita pale huwezi kujua kwamba palikuwa na kuku wa kufukuzwa. Kimashine kililiwa na maji ya betri, sijui hata ni nani alikitupa. Mimi nilisoma, nikafaulu, nikapata chuo, na siri yangu nikaibeba kama mtu anavyobeba mzigo aliouzoea begani, hata hausikii tena mpaka akae chini. Nilijipa moyo kwa neno moja: alikufa hajui. Aliondoka akiamini Kamongo wake yuko kamili. Hilo lilinitosha. Nililala nalo na kuamka nalo.

Mpaka asubuhi moja stendi ya Nyegezi. Nilikuwa nasubiri basi la kwenda chuoni, nimekalia begi langu, nakula mahindi ya kuchoma, nikasikia mtu ananiita dada wa marehemu. Alikuwa binti wa fundi. Kanenepa, kabeba mtoto mgongoni, anampokea mama mkwe wake. Tukashikana, tukacheka, tukamtaja fulani na fulani. Na kwa kuwa nilikuwa naondoka, na kwa kuwa ni yeye peke yake duniani aliyejua, nikamwambia, "Unajua sikukushukuru. Ulinitunzia siri yangu."

Akampandisha mtoto vizuri mgongoni, ingawa hakuhitaji kupandishwa.

"Nilimwambia," akasema. "Nisamehe. Nilienda kumwona wodini wiki ile ile, akaanza kunipangia atakavyonipiga siku ya kufunga shule. Sikuweza kukaa pale namsikiliza, najua Kamongo wake hana kitu. Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, kajibu ndiyo huyo, hata mimi niliwahi kukosea hivyo hivyo, nikajibu ndiyo kwa Ngosha. Ndiyo maana nilimwandikia akatae, akasema, nilisahau kumfundisha kukataa kwa Kizungu." Naye akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamtoka. "Akaniambia nisikwambie kwamba anajua. Akasema, ataniambia mwenyewe, ngoja tu, ananiambia kila kitu. Na siku akiniambia ninalo la kumwambia."

"Lipi?"

"Nilimuuliza. Akakataa. Akasema ni lenu wawili."

Basi likapiga honi, kondakta akaanza kutupa mabegi, tukaagana juu juu kama watu wanaoagana stendi. Nilikaa dirishani mpaka Shinyanga sijaona mti hata mmoja.

Tangu siku ile sijapumzika, na hii ndiyo sababu nimekuchosha na maneno mengi hivi. Watu hudhani tunachokosa ni utoto wenyewe, ile michembe, ule moshi, yale mapanki. Hivyo vimekwenda na nimeshakubali viende. Mimi ninakosa sentensi moja. Kaka yangu alikuwa nayo mdomoni, ameshaitengeneza, anaisubirisha, na akaniuliza Jumapili tatu ili anipe. Alikuwa na maumivu yale yote, na bado akapata nguvu ya kuuliza, hajasahau? akinitazama usoni, anajua, ananipa nafasi. Nami nilikuwa na la kumjibu ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Hapana, kaka. Amesahau. Ni mimi.